Saa 7 na dakika 45 naiandikaje kwenye mishahara? Nimewapunja watu bila kujua

Karani wa Boflo, Lamu

Asalam aleikum ndugu zangu. Naandika moyo ukiwa mzito, naomba mnisome mpaka mwisho ndipo mnijibu.

Mimi ni karani katika tanuri la mikate hapa Langoni. Si tanuri kubwa. Tuna watu saba wa zamu ya usiku, wawili wa mchana wa kuuza na kupeleka, na punda wawili. Unga huja kwa lori hadi Mokowe, huvuka kwa mashua, halafu punda huupandisha kutoka gatini. Kazi huanza watu wakishasali Isha na kula, na boflo la kwanza hutoka kabla ya adhana ya alfajiri. Malipo ni kwa saa, shilingi 120, na hesabu hufungwa mwisho wa mwezi. Daftari nililipokea miezi minne iliyopita.

Anayeandika kuingia na kutoka ni bawabu wetu. Huandika saa zetu za Kiswahili kama anavyozitamka: kuingia 4:00, kutoka 11:45. Mimi natoa, napata saa 7 na dakika 45, naandika 7.45, nazidisha kwa 120, napata 894. Nahamia mstari wa pili. Miezi minne nimekwenda hivyo.

Alhamisi iliyopita, baada ya Adhuhuri, alinijia mzee wetu wa tanuri. Huyu amekaa mbele ya moto ule tangu mimi sijaanza shule. Aliketi barazani, hakupandisha sauti, akaniambia, "Mwanangu, sikushitaki. Nionyeshe tu." Halafu akahesabu kwa mdomo, bila kalamu: "Saa ina robo nne. Nikifanya saba na robo tatu, nimebakisha robo moja kufika nane. Nane kamili kwa mia na ishirini ni mia tisa na sitini. Robo ya mia na ishirini ni thelathini. Toa thelathini, mia tisa na thelathini. Wewe umeniandikia mia nane tisini na nne. Hizo thelathini na sita zimekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilipiga kalkuleta mara tatu mbele yake. Mara zote inaleta 894, na mara zote naona hesabu ya mzee ndiyo ya haki. Aliondoka akasema atasubiri. Hilo la kusema atasubiri ndilo linaloninyima usingizi.

Usiku ule nikawasha kompyuta ya tajiri wangu nijaribu Excel, ndipo nikazidi kuchanganyikiwa. Nimeandika kuingia 22:00 na kutoka 5:45, nikatoa, kisanduku kikajaa alama ##### kama ua wa makuti. Nikaandika 7:45 kwa mkono, nikazidisha kwa 120, ikaniletea 38.75. Shilingi thelathini na nane kwa usiku mzima wa moto! Nikajumlisha usiku sita wa 7:45, nikapata 22:30, na hata mtoto anajua usiku sita hauwezi kuwa saa ishirini na mbili.

Nina mambo mawili. Kwanza, niandike nambari gani badala ya 7.45, na kwa nini? Pili, nitawalipaje watu hawa haki yao ya miezi minne? Mistari ya daftari inapita mia saba.

Mwalimu wa Hesabu, Mokowe

Waaleikum salaam dada. Mzee wako amekwisha kukujibu, sema hukumsikia vizuri. Amesema "robo tatu". Robo tatu ya kitu chochote kizima ni 0.75. Kwa hiyo saa saba na robo tatu ni 7.75, na 7.75 mara 120 ni 930, zile zile za mzee.

Umeandika dakika kana kwamba ni senti. Senti mia ndizo zinazofanya shilingi, kwa hiyo shilingi saba na senti arobaini na tano ni 7.45 kweli. Lakini saa hujaa kwa dakika sitini. Ile nukta ya kalkuleta hugawa kitu kwa kumi na kwa mia, haijui sitini. Kila unapotaka kuandika dakika kwa nukta, zigawe kwanza kwa 60. Dakika 45 gawa kwa 60 ni 0.75. Dakika 30 ni 0.5, wala si 0.30. Dakika 15 ni 0.25. Dakika 20 ni 0.333, ile tatu haiishi.

Nukta mbili, kama 7:45, ni saa. Nukta moja, kama 7.75, ni hesabu. Ukizitenganisha kichwani hutakosea tena. Wanafunzi wangu wa darasa la saba huteleza hapo hapo, na wao hawana mzee wa kuwakalia barazani.

Mhasibu wa Hoteli, Malindi

Dada wa Langoni, pole. Mimi nahesabu saa za wahudumu na walinzi wa hoteli ndogo hapa Malindi, na ile 38.75 nimewahi kuiona kwa macho yangu. Wacha nikueleze inatoka wapi, kwa sababu ukiijua, Excel haitakusumbua tena.

Kwa Excel, kizima ni siku, si saa. Siku moja ni 1. Saa kumi na mbili ni 0.5. Ukiandika 7:45 wewe unaona saa, yeye ndani ameweka 0.3229, yaani kipande hicho cha siku. Ukizidisha kwa 120 anakupa kipande hicho cha 120, ndiyo 38.75. Zidisha tena kwa 24, kwa kuwa siku ina saa 24: 38.75 mara 24 ni 930. Mzee wenu tena!

Kwa hiyo kila unapotoka kwenye saa kwenda kwenye pesa, pitia 24. Na kile kisanduku cha jibu kibadilishe mtindo kiwe cha nambari ya kawaida. Usipokibadilisha kitakuonyesha 7.75 kama 18:00, kwa sababu kitaacha zile siku saba na kusoma 0.75 ya siku, nawe utadhani umeharibu upya.

Zile alama ##### ni kwa sababu 5:45 ni ndogo kuliko 22:00. Umemwambia atoe kikubwa kwenye kidogo, akapata saa hasi, na saa hasi hawezi kuionyesha. Watu wa zamu ya usiku wote huingia shimo hilo. Kama kuingia kuko B2 na kutoka kuko C2, andika hivi: =MOD(C2-B2,1)*24. Hiyo MOD inamwambia, ukipita usiku wa manane, anza siku mpya. Utapata 7.75 moja kwa moja.

Jumla ya 22:30 nayo ina sababu. Ni 46:30 iliyotolewa siku moja nzima, maana saa ya ukutani ikifika 24 hurudi mwanzo. Ubadilishe mtindo wa kisanduku uwe [h]:mm, zile alama za mraba zinamzuia asirudi mwanzo. Ila kama saa umeshazigeuza kuwa 7.75, jumlisha tu kama nambari nyingine, hayo yote hayakuhusu.

Karani wa Boflo, Lamu

Allah awalipe. Mwalimu, nimeandika "senti mia, dakika sitini" kwenye jalada la daftari kwa kalamu nyekundu.

Kaka mhasibu, fomula imekubali. Lakini bawabu wetu hawezi kuandika 22:00, na mimi simlazimishi, ni mtu mzima na saa yake ni hii yetu. Je, nigeuze kila mstari kwa mkono? Na kuna jambo nimeligundua leo, limeniumiza kwa upande mwingine. Kijana wetu wa kukanda unga siku nyingine hufanya saa 8 na dakika 5. Nimekuwa nikimwandikia 8.5. Kumbe nimemlipa nusu saa kwa dakika tano!

Mhasibu wa Hoteli, Malindi

Dakika 5 ni 0.083. Kwa 120 alistahili shilingi 10 za zile dakika, umempa 60. Hata ungeandika 8.05 ingekuwa makosa, lakini madogo.

Kuhusu saa ya Kiswahili, kugeuza ni rahisi: za mchana ongeza 6, za usiku ongeza 18, ikizidi 24 punguza 24. Saa nne usiku, 4 na 18, ni 22. Saa kumi na moja na dakika 45 alfajiri ni 29:45, toa 24, ni 5:45.

Mstaafu wa Malindi

Mwanangu, nimekaa na madaftari ya mishahara miaka mingi, mengi yake kabla ya hizo kompyuta. Nimesoma maneno yako yote. Mzee huyo amekuheshimu sana, nawe umefanya vyema kuuliza.

Kwanza, usimwondoe bawabu kwenye saa ya Kiswahili. Kwa zamu ya usiku ni nyepesi kuliko hiyo ya 24. Usiku wetu huanza saa moja na kuisha saa kumi na mbili, haukatwi katikati. Kutoka saa nne hadi kumi na moja na dakika 45 unatoa tu, kama ulivyofanya, na kutoa kwako kulikuwa sahihi. Shida yetu sisi huja pale mtu anapovuka saa kumi na mbili. Aliyeingia saa tisa alasiri akatoka saa tano usiku, 5 toa 9 haitoki. Ongeza 12: 17 toa 9, saa nane. Kwenye fomula ya kaka hapo juu, weka 0.5 mahali pa 1, iwe =MOD(C2-B2,0.5)*24, maana saa yetu hurudi mwanzo kila nusu siku.

Lakini sikiliza hapa. Fomula hiyo ni ya zamu iliyo chini ya saa kumi na mbili tu. Mfungo Sita unapofika, wageni wa Maulidi wakijaa Lamu, najua tanuri zenu hazizimi. Mtu akiingia saa mbili usiku akatoka saa tatu asubuhi, amefanya saa kumi na tatu, nayo itakuandikia saa 1. Siku hizo geuza kwa mkono, 20:00 na 9:00, utumie ile ya kwanza. Usimwachie mashine mtu aliyekesha.

Pili, kutengeneza ya nyuma. Hukuhitaji kurudia mistari mia saba. Fikiri: dakika 45 uliziandika 0.45, haki yake 0.75, umekata 0.30. Dakika 30 umekata 0.20. Dakika 15 umekata 0.10. Unaona zinavyokwenda? Kila dakika moja uliyoiandika kama senti imepoteza sehemu moja ya 150 ya saa. Kwa shilingi 120 kwa saa, ni senti 80 kwa kila dakika. Basi kwa kila mtu jumlisha dakika za pembeni peke yake, saa nzima ziache, kisha zidisha kwa 0.80. Jipime kwa mzee: usiku 26 wa dakika 45 ni dakika 1,170, mara 0.80 ni shilingi 936. Na 36 zake mara 26 ni 936. Imekaa sawa.

Ile mistari ya kijana wa kukanda, ya dakika chini ya kumi, itoe kando uihesabu mmoja mmoja, kwa sababu huko kosa lilikwenda upande wa pili.

Tatu, na hili halijasemwa na wenzangu. Usigeuze kila siku halafu ujumlishe. Jumlisha saa na dakika kwanza, ugeuze mara moja mwisho wa mwezi. Mtu anayefanya saa 8 na dakika 20 kila siku, kwa siku 26, ukimwandikia 8.33 kila siku utapata 216.58, yaani shilingi 25,989 na senti 60. Lakini dakika 20 mara 26 ni dakika 520, ni saa 8 na dakika 40, juu ya saa 208. Saa 216 na dakika 40 ni shilingi 26,000 kamili. Shilingi kumi na senti arobaini zimeliwa na ile tatu isiyoisha. Ni pesa ndogo, lakini ni ya mtu.

Na hati ya malipo andika zote mbili, saa na dakika kwa upande mmoja, nambari ya nukta kwa upande wa pili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya malipo yake kwa maandishi, na maelezo ambayo mzee wa tanuri hawezi kuyapima kwa robo zake hayajamfaa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, habari ndiyo haikumfikia mwenyewe.

Duka la Ukutani, Lamu

Mbona mnajitesa? Mimi nina vijana wanne, nazungusha kwenye robo. Saa 7 na dakika 52 naandika 7.75, basi. Robo ni nne tu, hakuna kugawa.

Mstaafu wa Malindi

Ndugu yangu, dakika 52 umeshusha hadi 45. Na dakika 53, ambazo ziko karibu zaidi na saa nane, unapandisha hadi 8? Kama hupandishi, huzungushi, unakata. Ukizungusha kwa haki pande zote mbili na vijana wakakubali mapema, sina neno. Lakini karani wetu ana daftari linaloonyesha dakika, na mwenye jasho anazijua. Azilipe kama zilivyo.

Duka la Ukutani, Lamu

Nimekuelewa mzee. Nitaangalia daftari langu.

Karani wa Boflo, Lamu

Asalam aleikum tena. Nimerudi kuwapa habari, maana mmenihangaikia kama ndugu wa damu.

Nilikaa siku mbili baada ya Isha. Nilipiga safu mbili pembeni ya daftari la zamani kwa penseli, moja ya dakika za pembeni, moja ya mistari ya kuangaliwa upya. Njia ya babu wa Malindi imenikomboa. Mzee wa tanuri alikuwa na dakika 3,410 kwa miezi minne. Mara 0.80 ni shilingi 2,728. Nikachukua mwezi wake mmoja nikauhesabu upya mstari kwa mstari kwa kugawa kwa 60, kuhakikisha, na jibu likawa lile lile mpaka senti. Wa pili dakika 2,865, shilingi 2,292. Wa tatu dakika 1,940, shilingi 1,552. Hivyo hivyo mpaka wote saba.

Kijana wa kukanda alikuwa na mistari tisa ya dakika tano, iliyompa shilingi 50 zaidi kila mmoja, 450 jumla. Upande wa pili anadai 1,216. Nilimpelekea tajiri karatasi yote kama ilivyo, na kosa langu nikaliandika juu kwa mwandiko wangu. Alinyamaza kitambo, akauliza kama mtu mwingine ameiona. Nikamwambia mzee ndiye aliyeiona kwanza. Akasema kila mtu alipwe anachodai, na 450 za kijana zisiguswe, hakuziomba yeye.

Jana asubuhi, wakitoka kazini na unga bado umewaganda mikononi, nilimwita mmoja mmoja barazani. Kila mmoja nilimpa hati yenye safu mbili. Mzee wa tanuri nilimwacha mwisho. Alishika karatasi mbali na macho, akatafuta usiku mmoja, ule wa 7:45, akaweka kidole hapo, akasogeza kidole mpaka 7.75. "Saba na robo tatu," akasema. Akasogeza mpaka 930. Halafu akahesabu 2,728 noti kwa noti, akakunja hati ndogo ndogo akaiweka ndani ya kofia, pesa akatia mfukoni, akaenda kulala.

Daftari jipya limeanza usiku wa jana. Bawabu anaandika saa zake kama kawaida. Mimi nimechora safu ya dakika peke yake, na siigeuzi mpaka mwezi ufungwe.